Salamu za Bwana Nasr

Hebu mtazame Bwana Nasr anavyoingia sokoni Ibra asubuhi: kanzu imepigwa pasi, kilemba kimekaa sawa, bakora mkononi. Hatua hamsini, anasimama kwa Hood muuza halua, anamuuliza khabari za watoto, za mitende, na za mbuzi mmoja mmoja. Hatua hamsini nyingine, anasimama kwa muuza vitambaa. Soko zima likasema, muungwana ndiye huyu. Wengine siku hizi wanakupungia mkono tu kutoka garini.

Kumbe ni mguu. Shavu la mguu wa kushoto lilikuwa likimkaza kama limefungwa kamba, na akisimama kidogo linalegea. Kusema aliona haya, na ile sifa ya uungwana ilikuwa imeshamnogea. Akauvumilia mguu miaka miwili.

Aliyemfichua ni mkewe, Bi Radhia. Siku moja ya Ijumaa alimkuta mbele ya duka lililofungwa, anauliza khabari za nyumbani.

"Na mlango," akamuuliza, "umekujibuje?"

Akampeleka hospitali Nizwa. Daktari akawaeleza kuwa mshipa wa damu umeziba, kama falaj, ule mfereji wa maji, iliyojaa tope maji yasifike shambani. Wataingiza mpira mwembamba kutokea kinenani, ncha yake ina mwanga wa leza, uuyeyushe ule uchafu. Bwana Nasr akataka kujua moshi utatokea wapi. Bi Radhia akauliza kama leza hiyo inapunguza na ulimi.

Wiki ya tatu baada ya kutibiwa akarudi sokoni. Mguu mwepesi, bwana, kama wa kuazima. Akampita Hood, akampita muuza vitambaa, mkono juu, mpaka mwisho wa soko bila kusimama. Kufika adhuhuri maneno yameshaenea: Nasr kafunguliwa mshipa, kiburi kikaingilia hapo hapo.

Akarudi mbio kwa Hood, aliyekuwa anakoroga halua bila kuinua macho.

"Miaka miwili unaniulizia mbuzi wangu," akasema Hood. "Leo umenipita kama nguzo ya taa. Nimekukosea nini, ndugu yangu?"

Bwana Nasr akafungua mdomo. Akisema kweli, salamu zote zile zitakuwa za mguu. Akinyamaza, ana kiburi. Na lililomshangaza mwenyewe, alitaka hasa kujua yule mbuzi mweusi wa Hood kazaa au bado.

Ungekuwa wewe, ungeanza na lipi?