Kamongo wa Goli la Ziwani

Niliamini, tena kwa moyo wote, kwamba chini ya mstari wa goli letu la upande wa ziwani alikuwa amezikwa kamongo mzima, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa akituzuilia penalti.

Usicheke kwanza. Aliyekulia huku kando ya ziwa anajua kamongo ni samaki wa namna gani. Maji yakirudi nyuma na matope yakikauka, sato anakufa, sangara anakufa, yeye anajichimbia chini, anajiviringisha ndani ya ute wake kama mtoto ndani ya kanga, analala akisubiri mvua. Wapo watu wazima, wenye akili na kazi zao, walioniapia kuwa tofali la udongo liliwahi kupasuka ukutani kwa jirani yao wakati wa masika, na kichwa cha kamongo kikachungulia sebuleni. Sasa kama ukutani anaishi, golini atashindwaje? Ilisemwa kwamba waasisi wa klabu walimzika akiwa mdogo siku walipochomeka milingoti, na kwamba kwa miaka yote hiyo alikuwa amekua huko chini mpaka kichwa kikafika mlingoti huu na mkia mlingoti ule.

Ushahidi ulikuwa rekodi yenyewe. Tangu klabu ianzishwe, hakuna timu ngeni iliyowahi kufunga penalti kwenye goli la ziwani. Hata moja.

Klabu yetu ilikuwa ya ligi ya wilaya, na uwanja wetu ulikuwa kipande cha ardhi kati ya majabali na maji, lakini kwa rekodi tuliwazidi wakubwa wote. Tulikuwa na mechi iliyosimamishwa na wadudu wa ziwani: wingu lao liliingia uwanjani wakati refa akivuta pumzi apulize filimbi, akameza chakula cha mchana na cha jioni kwa pamoja, na filimbi ikatoa sauti ya mtu anayesukutua. Tulikuwa na beki aliyecheza msimu mzima na soksi zilezile bila kuzifua, kwa sababu siku alipozifua tulifungwa. Zilifika mahali zikawa zinasimama zenyewe nje ya mlango wake, na mbwa wa mtaa mzima walikuwa wakizipita kwa adabu. Tulikuwa pia na goli lililofungwa na ng'ombe. Shuti lilimgonga ubavuni akiwa anafanya haja yake kubwa karibu na mlingoti wa wageni, mpira ukaingia, yeye akaendelea. Refa aliandika jina la winga wetu kwa kuwa ng'ombe hakuwa na leseni ya mchezaji. Mpira ule ulipigwa mpaka mwisho wa mechi bila kupanguswa, na hakuna aliyeupiga kichwa.

Hizo rekodi nilizihubiri kila siku pale mwaloni nilipokuwa nikipakua samaki. Kisha nikachaguliwa kuwa kipa, na ndipo nilipojua kamongo anakula nini.

Kila timu ya mpira nchini ina kamati ya ufundi, na kila mtu anajua kuwa haihusiki na ufundi wowote. Katibu wa kamati yetu alikuwa mzee muuza mapanki, yale mabaki ya sangara kutoka viwandani, mtu mpole, mwenye kofia iliyoloa mafuta ya samaki mpaka ikawa inang'aa kama paa jipya. Asubuhi ya mechi yangu ya kwanza nilimkuta golini na ndoo mbili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Vizuri umewahi. Shika upande huo tumwage."

Nilitazama ndani ya ndoo, nikatazama pembeni haraka. Yalikuwa matumbo ya sangara, nyongo, matamvua, na kitu cha kijivu kilichokuwa kikitoa mapovu polepole kana kwamba kinawaza.

"Mzee, haya ni ya leo?"

"Ya leo ya nini? Yule ni mtu mzima, anakula kilichoiva. Haya ya juzi."

"Na nikirukia hapa?"

"Kipa gani anachagua pa kuangukia?"

Tukamwaga, mlingoti hadi mlingoti. Nzi walitua kabla hatujainua ndoo. Kufika mchana jua lilikuwa limeyapika vizuri, na harufu ilikuwa imekwenda Nansio na kurudi bila kukata tiketi ya meli. Kisha wakaja korongo, wale wenye vipara na vifuko vya shingoni, wakajipanga ndani ya boksi kama mabeki. Mmoja alikuwa na utumbo unaoning'inia mdomoni kama tambi, akanitazama usoni mpaka kipindi cha kwanza kikaisha. Sisi ndio klabu pekee niijuayo iliyowahi kuchelewesha mpira wa kona ili kipa agombane na ndege.

Na mimi nilikuwa narukia humo. Nadaka chini, naamka na jezi imeloa kitu cha vuguvugu. Napangusa uso kwa glovu, glovu ndiyo inakuwa imenipaka. Siku moja nilifungua mdomo kuwapanga mabeki, kitu kikaingia, nikakitafuna kabla ya kujua. Mpaka leo sijui kilikuwa nini, na ulimi wangu hautaki kukumbushwa.

Mke wangu, tulikuwa tumeoana karibuni, alinisimamisha bombani nje kabla sijakanyaga kizingiti.

"Mume wangu, nikuulize bila ugomvi," alisema, kanga puani. "Wenzako wakienda mpirani wanarudi na vumbi. Wewe una nyongo ya samaki sikioni. Mnacheza na nani?"

Nikamweleza habari ya kamongo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniongezea sabuni.

Masharti ya kamongo yalikuwa mawili, na katibu aliniwekea mkono begani aliponipa. La kwanza, kipa wa goli la ziwani hali kamongo, maana huwezi kumla ndugu ya mlinzi wako. La pili, penalti ikitokea, usiruke wala usitikisike. Ukikurupuka utamkanyaga kichwa. Weka mikono kiunoni, yeye ataumeza mguu wa mpigaji, au ataupinda mpira.

"Kipa aliyenitangulia alifanya hivyohivyo?" niliuliza.

"Wote walijua masharti," alisema mzee. Jibu lile nililiona limetosha. Leo naliona limekaa vibaya kama mfupa kooni.

Msimu wangu wa pili tulifika mechi ya mwisho tukiwa tunahitaji ushindi tu ili tupande ligi ya mkoa, mahali ambapo klabu yetu haijawahi kukanyaga. Wageni walitoka upande wa Usagara. Majabali yanayolitazama goli langu, ambayo ndiyo jukwaa letu kuu, yalijaa watu mpaka yakaonekana yana nywele. Kwa ajili ya siku hiyo mzee alileta ndoo nne, na moja alikiri kuwa ilikuwa ya wiki iliyopita.

Tulipata goli mapema, tukalilinda. Mechi ikiwa ukingoni, beki wa soksi akamkwatua mshambuliaji wao ndani ya boksi waziwazi, kama mtu anayekata mti. Refa alikuwa mgeni kwetu, kijana aliyeshuka kwenye basi asubuhi hiyo. Akapuliza, akaonyesha kidole kwenye nukta.

Majabali yakaanza kucheka. Watu walipiga makofi, wakawa wanaitana waje waone. Beki wa soksi alimpa mpigaji mpira kwa mikono yake mwenyewe.

"Piga haraka kaka, tuna sherehe."

Mpigaji alisogea, akabana pua. Macho yalikuwa yakimtoka machozi.

"Kipa, kuna kitu kimekufa hapo ulipo."

"Hakijafa," nilimwambia. "Kinakusubiri."

Nikaweka mikono kiunoni. Moyoni nilikuwa nimetulia kama mtu aliyewekewa walinzi na serikali. Yule kijana akakimbia amebana pumzi, na shuti lake likawa la mtu aliyebana pumzi: lilitoka kwa uchovu, likajiviringisha kuelekea kwangu, likapita kwenye matumbo, likaokota moja, likaendelea nalo. Ningeweza kuinama nikaudaka mpira ule, nikaupangusa, nikauuliza habari za nyumbani kwao. Sikutikisika. Nilikuwa natazama ardhi, nangoja ipasuke. Mpira ulivuka mstari karibu na kiatu changu cha kushoto, ukasimama kwenye wavu, utumbo umejizungusha juu yake kama kilemba.

Goli moja kwa goli moja. Hatukupanda.

Hakuna aliyemgusa refa. Wote walinigeukia mimi, na wa kwanza kuongea alikuwa katibu, kwa sauti ya masikitiko ya kweli.

"Kijana, umekula kamongo."

"Sijala, mzee."

"Rekodi ya waasisi inavunjika bure bure? Juzi ulikula wapi?"

Na hapo nikatazama chini, kwa sababu juzi yake nilikula kwa mama lishe samaki wa mchuzi mzito, kipande kisicho na kichwa wala mkia, na sikuuliza ni nani. Walioniona nikisita walitosha. Kabla jua halijazama mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba mimi ndiye kipa aliyemla mlinzi wa klabu.

Sikupewa jezi tena. Hilo ningelimeza. Lililonishinda ni jina. Mwaloni vijana walinipokea kila asubuhi: "Shemeji, alikuwa na chumvi yule?" Wengine walipima kwa mikono urefu wa kamongo na upana wa tumbo langu, wakatikisa vichwa. Kwenye misiba nilitengewa sahani bila samaki, kwa heshima. Miaka ilipita, watu wakasahau nani alifunga goli letu siku ile, wakasahau hata wageni walitoka wapi, lakini kila zilipotajwa rekodi za klabu, ya ng'ombe ilifuatwa na yangu. Nami, hili ndilo linalonichefua kuliko ndoo za mzee, nilikuwa najilaumu kimoyomoyo.

Nikiwa mtu mzima mwenye watoto nilijiandikisha masomo ya jioni huko Mabatini, nikamalize kidato cha nne. Niliketi dawati moja na kaka mmoja wa makamo aliyekuwa ametundika filimbi: alichezesha mpira wilayani miaka mingi, akanyimwa kupanda daraja kwa kukosa cheti, akaja kukitafuta hata baada ya magoti kumchoka.

Siku moja mwalimu wa baiolojia, binti ambaye ningeweza kumzaa, alifundisha upumuaji, akafika kwa kamongo. Mkono wangu ukapanda wenyewe.

"Mwalimu, kamongo akizikwa anaweza kukaa miaka mingapi, ikiwa analishwa?"

"Analishwa na nani, baba?"

Darasa likaangua kicheko. Kwa kuwa nimeshachekwa, nikasimulia yote: ndoo, korongo, mikono kiunoni, mchuzi wa mama lishe. Mwalimu alifunika mdomo. Nilidhani anacheka, kumbe kichefuchefu. Jirani yangu wa dawati hakucheka. Alinitazama kama mtu anayetazama mzigo uliobebwa safari nzima na mtu ambaye si mwenyewe.

Tulipotoka alinisubiri mlangoni.

"Kumbe kipa yule ni wewe, ndugu yangu."

"Ni mimi. Niliyevunja rekodi."

"Rekodi gani? Mimi nimechezesha uwanja ule mara nyingi kuliko nilivyotaka. Kulikuwa na mwenzetu aliyewakatalia goli, mashabiki wenu wakamshukia kutoka majabalini, akaondoka kwa mtumbwi. Tangu hapo marefa tuliambizana: faulo ikitokea boksi la ziwani, toa kona, toa mpira wa adhabu nje kidogo, angalia saa, lakini usiende kwenye nukta. Yule kijana wa siku yako alikuwa mgeni, hakuna aliyemwambia. Wageni hawakuwahi kukosa penalti pale, kaka. Hakuna aliyewahi kuipiga. Yako ndiyo ilikuwa ya kwanza."