Muuza nyama wa Salgaa aliyekatwa kwa kisu chake mwenyewe

Saa moja asubuhi, Salgaa. Malori yamejipanga kando ya barabara na madereva wanataka supu. Ndani ya bucha, Kimeli anapasua paja la ng'ombe polepole, kisu kikiwa mkono wa kushoto. Wa kulia unashikilia nyama tu.

"Boss, hii nyama tutakula leo ama Krismasi?" dereva mmoja anamtania.

Kimeli anaendelea kupasua.

Kwa miaka kumi na minane alisifiwa kwa wepesi wa mkono. Kisha karibu na kiwiko cha kulia kikatokea kivimbe laini, kisichouma, kinachoteleza ukikibonyeza. Kikakua hadi kufikia ukubwa wa yai la kuku.

Hakuogopa. Vivimbe kama hivyo alivikuta mara nyingi chini ya ngozi ya ng'ombe, akavichomoa kwa kidole.

"Nilijua ni mafuta," anasema. "Na kweli yalikuwa mafuta. Hapo sikukosea."

Alikosea alipomwita mwenzake wa bucha, Naftaly, amtolee. Walichemsha kisu kwenye sufuria ya supu, Kimeli akauma taulo. Naftaly akapasua, akavuta. Kivimbe kilitoka nusu. Damu ilitapakaa, na kidole cha mwisho na jirani yake vikafa ganzi papo hapo.

Hospitalini Nakuru, alikokimbizwa, Daktari Adero alitoa mabaki na kuunganisha mshipa wa fahamu uliokatwa. Alimweleza kwamba wengi huishi na uvimbe wa mafuta bila shida. Ukisumbua, hupimwa kwanza ijulikane umelala wapi, kisha hutolewa kwa sindano ya ganzi, mara nyingi mtu akarudi kwake siku hiyo hiyo. Mshipa wake, alisema, utakua polepole. Huenda usirudi wote.

Huu ni mwezi wa saba tangu siku ile. Naftaly humtundikia nyama kila asubuhi, na jambo lile hawalizungumzii.

Juzi mama mmoja aliingia akafunua bega, akamwonyesha kivimbe chake. Wewe unajua nyama, alimwambia, nitolee tu hapa. Kimeli alimfunika bega kwa leso, akamwelekeza hospitali.

"Mathe, maisha yangu yote nimekata nyama iliyokufa," alimwambia. "Ya mtu aliye hai sikuwahi kuijua."

Kila jioni, akifunga bucha, huweka vile vidole viwili juu ya barafu, akafumba macho na kungoja baridi. Wiki jana kimoja kilisikia kitu.

"Sijui kama ilikuwa baridi ama ni hamu yangu tu," anasema. "Leo nitajaribu tena."