Jina la Mpishi

Nikisikia harufu ya polishi nyekundu ya sakafu, hurudi katika nyumba ya mlowezi iliyo nje ya Kitale. Siku hizo ilikuwa imefanywa makumbusho. Cucu, mama mzaa baba, alitutoa Bungoma asubuhi, mimi na mdogo wangu wa kiume wa miaka minne, akiwa amejifunga kichwani kitambaa chake cha kanisani. Hakusema tunafuata nini.

Mwelekezi alikuwa kijana mchangamfu wa Sirisia. Alituonyesha piano, bunduki ukutani, kisha jikoni: jiko la kuni, sufuria za shaba zinazong'aa. Hapo, alisema, wakati wa Hali ya Hatari, enzi za Mau Mau, wafanyakazi walikula kiapo na kupanga kumuua bwana mezani.

"Na mpishi?" Cucu aliuliza. "Mnasema nini juu yake?"

"Njuguna? Huyo ariwauza wenzake, mama. Watatu wakanyongwa."

"Mlisikia kwa nani?"

"Si kira mtu anajua, bana!"

Wageni wengine wakacheka. Kijana akainama kwa mdogo wangu. "Na wewe, mzee, unaitwa nani?"

Mdogo wangu alipenda sana kuulizwa hivyo. Akajibu kwa sauti ya darasani: "Njuguna!"

"Ati Njuguna! Mama, huyu mchungeni, atawauza nyinyi pia!"

Kicheko kilijaa jikoni. Mtoto naye akacheka, akidhani anasifiwa. Cucu alimvuta kwenye sketi yake, akamfunika kichwa kwa mkono.

"Akina Njuguna ni wengi," alisema taratibu. "Huyo mpishi wenu hatumjui."

Nilimwamini. Nilijua babu aliyekufa kabla sijazaliwa aliitwa Njuguna, na kwamba aliwahi kuwapikia wazungu, lakini mtu mzima akisema hatumjui, nilihesabu kwamba wapishi walikuwa wawili. Tulitoka bila kuona vyumba vya juu. Njiani Cucu alitununulia ndizi, yeye asile.

Kama babu aliwasaliti au alisingiziwa, Cucu alizikwa bila kuniambia. Kwetu mvulana wa kwanza, kama mdogo wangu aliyenifuata mimi dada yake, hupewa jina la baba wa baba yake ili mzee arudi nyumbani. Nilikuwa nimelea wanangu ndipo nikaelewa alichofanya: alikuwa amekwenda kumtafutia mumewe neno moja jema, na ili mtoto asiguswe na lile baya, akamkana mwenye jina mbele ya watu.