Namtoa farasi bure hatua ya nne na nashinda, ila kuna mtu mmoja alikataa kumla

Wakuu, wajukuu marahaba, na kama kuna mkubwa wangu humu, shikamoo. Nimeishia darasa la nne, mtanivumilia. Hili limenipata mwenyewe hapa Mwankoko, siongezi hata neno.

Nacheza chess online. Mjukuu wangu Neema ndiye aliyeniwekea app.

Hatua ya nne tu, farasi wangu anakula askari wa katikati anayelindwa. Yaani namtoa farasi kwa askari mmoja. Watu wanamla fasta, halafu nawafukuza farasi wao kwa askari wangu mpaka wanarudi zizini. Nashinda sana.

Neema alinicheka: "Bibi, kompyuta inasema hii move ni mbovu."

Nikamwambia, "Kompyuta haijacheza na gunzi."

Maana aliyenifundisha ni kaka yangu Elia, kwa kete za mbao alizopewa na fundi reli Athumani wa Manyoni. Farasi wangu mmoja alipotea, tukaweka gunzi la mahindi. Likawa linaanguka kila saa, nikazoea kulitoa mapema.

Elia hakuwahi kulila. Anasogeza askari wa pembeni kabisa hatua moja, anacheka: "Kula mwenyewe gunzi lako!" Na bado ananifunga.

Enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa, kampuni ya umma aliyokuwa anafanyia kazi ikafa, akapunguzwa. Akapanda treni Manyoni kutafuta maisha.

Hakurudi. Barua hakuna. Mama yetu Elizabeti alikufa amekataa tumwekee Elia matanga.

Mwezi uliopita ukoo ukaamua: Jumamosi matanga, Elia ahesabiwe marehemu. Mkubwa nimebaki mimi, wakasubiri neno langu. Nikakubali.

Alhamisi mchana, jua la utosi, niko uani nacheza na mtu asiye na picha. Nikamtoa farasi.

Hakumla.

Askari wa pembeni kabisa akasogea hatua moja.

Akanifunga. Nikaandika kwenye chat: "Shikamoo kaka."

Akajibu:

"Marahaba. Gunzi bado linaanguka?"

Nikaandika jina lake. Akaunti haipo tena. Neema ametafuta, hata ile game haionekani.

Jumamosi ndugu walikuja na mbuzi. Nimewarudisha naye.

Nilichojifunza: anayekula haraka unachomtupia hakujui. Anayekujua anakiacha.

Sasa mnaojua hizi app, niambieni bila kunificha. Mtu akikuitikia marahaba ni mzima, si ndiyo?