Maana za Get, Jikoni kwa Baba

Nilipoitwa kwenye usaili wa mahojiano wa kazi ya ualimu, baba yangu aliamua kwamba darasa langu la mazoezi litakuwa yeye.

Ilikuwa mara yangu ya tatu kuitwa, ila mara mbili za kwanza niliishia kwenye mtihani wa kuandika. Kwa miaka sita nilikuwa nikijitolea kufundisha Kiingereza kwenye sekondari moja ya Makambako. Wanafunzi waliniita mwalimu, wazazi waliniita mwalimu, hata mama muuza vitumbua aliniita mwalimu, na wote walijua kwamba mwalimu hasa ni yule mwenye cheki namba, namba ya mwajiriwa wa serikali. Mimi sikuwa nayo. Wenzangu niliohitimu nao walikuwa wamekwisha kata tamaa, mmoja anauza parachichi, mwingine anapima mbao, na waliniangalia kama mtu anayeendelea kusubiri basi lililokwisha pita.

Waliotangulia walinieleza kwamba mbele ya jopo unapewa dakika chache ufundishe kwa Kiingereza kitupu, wanajopo wakijifanya wanafunzi. Nikachagua neno get. Ni neno la herufi tatu tu, lakini kwenye kamusi maana zake huzisomi jioni moja ukazimaliza, na wanafunzi wangu wote lilikuwa linawatesa. Nilijiona mjanja sana kulichagua.

Baba ni mkulima wa viazi huko Kifanya. Alisoma mpaka darasa la nne akaishia hapo, na Kiingereza chake chote kilikuwa "gudi moningi", ambayo aliitumia hata jioni. Nilipomwambia natafuta watu wa kufanyia mazoezi, hakufikiri mara mbili.

"Watu si sisi hapa? Mimi na shangazi yako."

Basi kila Jumapili baada ya ibada nilitoka Makambako nikawakuta jikoni, moto umekolezwa kwa sababu ya baridi. Baba alikuwa amegongomelea mabanzi ya paini ukutani na kuyapaka masizi yawe ubao. Koti la suti la kanisani hakulivua, kwa heshima ya somo. Shangazi, dada yake mkubwa, alikuja na beseni la viazi vya kumenya, maana hakuamini kwamba mtu mzima anaweza kukaa saa nzima akisikiliza tu.

Jumapili ya kwanza ilikuwa balaa. Niliuliza swali langu refu kwa Kiingereza, baba akasimama, mikono nyuma, akiutazama ubao. Nikamfokea kama ninavyowafokea kidato cha pili: "Kaa chini kama hujui!" Akakaa. Shangazi akainamia viazi vyake asimwone mdogo wake anavyoaibika. Nilijuta, lakini kuomba radhi sikuomba, ndivyo nilivyo.

Jumapili iliyofuata baba alikuja na dawa yake.

"Mwanangu, sisi mwinjilisti alitufundisha kipaimara hivi. Yeye anasema jambo, halafu anauliza kwa sauti, maana yake nini? Sisi tunajibu wote pamoja. Mpaka leo sijasahau hata moja. Na wewe fanya hivyo hivyo."

Nikafanya, na ikafanya kazi.

"I get up at six. Maana yake nini?"

"Kuamka!"

"Get me some water. Maana yake nini?"

"Niletee!" Hapo shangazi alijibu bila hata kuinua kichwa.

"She got married. Maana yake nini?"

"Ameolewa!"

Ilikuwa kwaya ya watu wawili, na mimi nikapata na sauti ya mwinjilisti, ile inayopanda mwishoni. Tulipofika kwenye get old, baba alikataa kuendelea. "Na uzee nao wanaupata?" aliuliza. "Huu unakuja wenyewe bwana, hakuna anayeutafuta." Shangazi akasema Waingereza ni wavivu, neno moja wamelifanya kisu cha jikoni, cha kumenyea ndicho cha kukatia na ndicho cha kufungulia soda. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sijawahi kufundisha kwa furaha kama ile, wala sitegemei kufundisha hivyo tena.

Baada ya miezi miwili baba alikuwa na maana kumi na nne kichwani. Alizikariri akipalilia viazi. Alizisema mbele ya mchungaji. Njiani mtu akimsalimia "kamwene" alijibu "kamwene", halafu akaongeza "we got lost", na watu wakaanza kuulizana kama mzee yuko sawa. Yeye aliwaambia anamsaidia binti yake kuingia serikalini.

Siku ya usaili, Njombe mjini, tulikuwa wengi na bahasha zetu za kaki, wengi kuliko watu wa ibada ya Pasaka. Nafasi za somo langu katika mkoa wote zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Kwenye jopo kulikuwa na wanaume wawili na mama mmoja mwenye miwani. Niliandika get ubaoni, nikasoma sentensi ya kwanza, Kiingereza kikatoka vizuri. Nikasoma ya pili.

"They got lost in the forest. Maana yake nini?"

Ilitoka kwa Kiswahili, kwa sauti ile ile ya mwinjilisti, kubwa, ikipanda mwishoni. Nilijisikia mwenyewe nikiisema. Nikarudi haraka kwenye Kiingereza, nikashika sentensi ya tatu kwa uangalifu kabisa, na ilipofika mwisho swali likatoka tena, nikasimama nasubiri watu watatu wazima wanijibu kwa pamoja.

Mama wa miwani akaishusha puani.

"Mwalimu, hili ni darasa la kipaimara?"

Wenzake wakacheka. Hawakucheka vibaya, hilo nalo liliniuma. Baada ya hapo sijui nilifundisha nini mpaka waliponiambia muda umekwisha.

Majibu yalikuja kwenye simu siku ya Ijumaa, nikiwa ofisi ya walimu Makambako na rundo la madaftari ya kusahihisha. Sikuchaguliwa. Inawezekana ningekosa hata kama ningefundisha kama malaika, watu walikuwa wengi. Lakini mle ndani nilikuwa mimi, na najua nilipoangukia. Nilisahihisha yale madaftari yote kwa hasira, na watoto wa watu walionewa alama siku ile.

Hasira haikuishia kwa watoto. Jumapili, njia nzima kwenda Kifanya, nilikuwa napanga maneno ya kumwambia baba. Nilitaka ajue. Nilitaka nimwambie kwamba kipaimara chake ndicho kilichoniponza, kwamba miaka sita imekwenda kwa sababu ya swali lake moja, na kwamba ningefanya mazoezi na ng'ombe ningekuwa na kazi.

Nikawakuta jikoni. Koti lilikuwa mwilini, beseni mapajani.

"Nimekosa," nikasema nikiwa bado mlangoni. "Hawakunichukua."

Kisu cha shangazi kikasimama. Baba akafunga kifungo cha koti, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi alivyokonda.

"Uliwafundisha vile vile tulivyofanya hapa?" akauliza.

Hapo ndipo maneno yangu yote yalipotakiwa kutoka.

"Vile vile, baba."

"Na ile ya maana yake nini, uliiweka?"

"Niliiweka."

Akashusha pumzi, uso ukamlegea. Akamgeukia dada yake. "Umesikia? Aliiweka." Kisha akaniambia kwa upole, kama mtu anayemtoa mwenzake lawamani, "Basi mwanangu, kosa si letu. Safari ijayo hiyo hiyo tuikazie zaidi."