Siku Niliposifu Besi ya Wenge

Nitawaeleza, lakini mkicheka chekeni polepole, maana hii aibu bado haijapoa, na kama si yule jirani aliyeanza kuisimulia vibaya (eti nilikuwa nimelewa lotoko, wakati siku ile nilikuwa nimekunywa chai tu) ningeendelea kunyamaza kama nilivyonyamaza miaka yote hii. Bon. Sikuwa nimelewa. Nilikuwa na akili zangu zote, na hicho ndicho kinachonifanya nione haya.

Wakati ule wa vita nilikuwa fundi wa redio katika komini ya Tshopo, hapa hapa Kisangani, nikikaa baraza moja na Papa Ramazani, seremala, mtu wa familia ya Kiislamu ya tangu zamani, mpole, hanywi, havuti, sauti yake ya chini, ila ukigusa mambo ya mbao anakuwa mtu mwingine. Majeshi mawili ya wageni yalikuwa yameujaza mji wetu, yalikuja pamoja kama marafiki na sasa yalikuwa yanaangaliana vibaya, na sisi wa katikati tulikuwa tunaishi kwa masikio: mama akisikia lori linapita mbio anaingiza watoto ndani, mtu akisikia mlio wa bunduki upande wa Simi-Simi anajua kama ni wa kutishia tu au ni wa kukimbia.

Na mimi, katika mji wa namna hiyo, nikaamua kuziba masikio yangu.

Nilikuwa nimepata casque mbili za kusikilizia muziki, zile kubwa zinazofunika sikio lote, za aina moja, plastiki zimepasuka lakini ndani bado zinaimba, na Papa Ramazani akaniambia nitupe zile plastiki, atanichongea vikombe vya mbao. Jozi ya kwanza akachonga kwa wenge, mti mweusi, mzito, na ya pili kwa kipande cha afromosia kilichokuja na mtumbwi wa moteri kutoka Yangambi. Mimi nikafunga nyaya, nikajaza sufi nyuma ya spika, halafu kwenye midomo ya vikombe nikazungushia mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli ili kelele za barabara, za avenue yetu, zisiingie. Ilifaulu kupita kiasi. Ukizivaa, mwanamke anatwanga sombe, majani ya muhogo, hatua tatu kutoka kwako, unaona mchi unapanda na kushuka, husikii kitu.

Ndipo ugomvi ukaanza. Yeye anasema wenge inaimba kushinda, mimi nasema afromosia, asubuhi wenge, jioni afromosia, mpaka wateja wakachoka na sisi. Nikamwambia tupime kwa haki: nitafunga macho kwa kitambaa nisijue nimevaa ipi, yeye atanibadilishia kila wimbo ukiisha, nitatoa alama kwa vidole vya mkono, moja hadi tano, na yeye ataandika kwenye karatasi. Na nikaongeza sharti moja (hili ndilo lililoniponza) kwamba mtu yeyote asiniguse wala asinisemeshe wimbo ukiwa unaendelea, kwa sababu Papa Ramazani alikuwa na tabia ya kukohoa kidogo kila wenge yake ikianza kuimba.

Kaseti tuliyochagua ilikuwa ya kwaya ya parokia yetu, ina ngoma, makofi na sauti nyingi, na anayeongoza kuimba ni mke wangu, Mama Clarisse. Nilisema sauti ninayoijua zaidi duniani ndiyo itakayonionyesha ukweli wa mbao.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Nikakaa kwenye benchi, nikafunga kitambaa, redio ndogo ya kaseti nikaipakata, sauti nikaipandisha mpaka mwisho. Wimbo wa kwanza nikatoa vidole vitatu. Papa Ramazani akanivua, akanivalisha nyingine, nikasikia anacheka kidogo kwa pua, na hapo hapo nikajua hii ni wenge, ila sikusema.

Katikati ya wimbo wa pili mtu akanipiga bega. Mara ya kwanza kidogo, mara ya pili kwa nguvu mpaka nikayumba. Nikakasirika. Nikasema, "Papa Ramazani, wimbo haiyaisha, uniache." Bega likaachwa. Makofi ya kwenye kaseti siku hiyo yalikuwa mengi kuliko nilivyozoea, tena yanagonga nje ya mpigo, nikawaza, kumbe mbao nzuri inafichua mpaka makosa ya wapiga makofi.

Wimbo ukaisha, nikasimamisha kaseti, nikainua vidole vinne. "Andika, halafu badilisha."

Hakuna kitu. Nikangoja. Nikasema tena, "Badilisha basi, ao unaogopa kushindwa?"

Kitu baridi kikanigusa kwenye paji la uso, kikakaa hapo. Nilidhani ni koleo langu, nikalisukuma pembeni kwa mkono. "Toa chuma yako hapa, mutu muzima anacheza kama mutoto." Halafu nikasikia mikono inanivua casque, polepole, mikono inayonuka sigara na mafuta ya mashine. Niliona ajabu kwa sababu Papa Ramazani havuti, lakini nikawaza labda kuna mteja amekuja, na Papa Ramazani amemwomba amsaidie kubadilisha, ili nisikisie jozi.

Masikio yangu yakabaki wazi, na avenue ilikuwa kimya. Sijawahi kusikia kimya cha namna ile mchana. Hakuna mchi, hakuna mtoto, hakuna redio, hata kuku, na mbele yangu, karibu sana, mtu anapumua. Nywele za shingo zilinisimama, nawaambia ukweli, mwili ulijua kabla yangu. Lakini kichwa changu kikanipa maelezo (mtaona nilivyo mtu wa maana): nikawaza majirani wamenyamaza kwa heshima ya kazi yangu.

Kungoja kukawa kurefu. Kaseti ikaanza kuimba peke yake mapajani mwangu, nikahisi inazunguka, halafu ikarudishwa nyuma, halafu nikavalishwa casque, na mikono ile ikakaa juu ya masikio yangu kidogo, kama mtu anayemfunika mtoto shuka, ikaondoka.

Na hapo nikasikia besi. Nilihesabu kichwani: afromosia, wenge, sasa tena afromosia, lakini besi hii ilikuwa nzito mno, inatoka kwenye benchi, inapanda mgongoni, mpaka meno yanagongana, nikasema hapana, Papa Ramazani amenidanganya, ameniachia wenge ileile. Nikashindwa kujizuia. Na mtu aliyeziba masikio hajui anavyopiga kelele.

"Papa Ramazani, umeshinda! Hii besi ya wenge iko muzuri, naisikia mpaka kwenye tumbo! Na inafichua yote, sikia Mama Clarisse pale juu, sauti yake iko faux, inatoka inje ya wimbo, kabisa faux! Afromosia ilikuwa inamufichia. Kwa nyumba ninamusifu tu juu nipate kula!"

Kaseti ikafika mwisho, kifungo kikaruka, muziki ukakatika. Besi haikukatika.

Nilikaa pale, gizani mwa kitambaa, casque kimya masikioni, na benchi linatetemeka chini yangu. Mara moja. Tena. Halafu tena, karibu zaidi. Nikavua kitambaa.

Avenue ilikuwa tupu. Kandambili zimetawanyika barabarani, nyingi, za watoto na za watu wazima, kila moja imeelekea upande wake. Kwa mwanamke anayekaanga mikate ya kuuza mafuta yalikuwa yanachemka peke yake na mikate imekuwa makaa. Mchi umesimama ndani ya kinu. Nikavua casque, ilikuwa ya afromosia. Ile ya wenge haikuwepo popote. Kwenye vumbi la mbao mbele ya miguu yangu kulikuwa na alama za viatu vya jeshi, zimesimama zikinielekea, na kwenye karatasi, chini ya namba tatu iliyoandikwa vizuri na Papa Ramazani, mtu alikuwa amechora mistari minne, ameikandamiza mpaka karatasi ikatoboka.

Sikuelewa niende wapi. Ng'ambo ya avenue kuna salle, ukumbi wa shule ya parokia, ukuta wake umejengwa kwa matofali yenye matundu, na kwenye tundu moja nikaona mkono unanipungia, na sauti ya chini ikasema, "Papa Clarisse, kuja. Kuja mbio."

Nikakimbia. Nilisahau kwamba waya bado uko shingoni na redio ya kaseti iko mwishoni mwa waya, ikawa inaruka nyuma yangu kwenye mawe, mlio ukaanza tena upande wa daraja la mto Tshopo, nikaanguka, nikamaliza safari kwa tumbo, mlango ukafunguliwa kidogo nikavutwa ndani kwa kola ya shati.

Avenue nzima ilikuwa mle. Wamelala sakafuni, mmoja ubavuni mwa mwingine, abbé, padri wetu wa parokia, kwaya, mwanamke wa mikate, Papa Ramazani na mama yake mzee, na wote wananitazama mimi. Nikauliza, "Nini iko napita?" na kwa kuwa masikio bado yalikuwa yamezibika niliuliza kwa sauti ileile ya barazani, mpaka abbé akanifunika mdomo kwa kiganja.

Walikuwa wameona yote kwa yale matundu. Papa Ramazani akaninong'oneza huku analia: milio ya kwanza ilipokuja alinipiga bega mara mbili, nikamfukuza, risasi ikapita kwenye bati, naye akakimbilia kumbeba mama yake. Halafu kimya. Halafu askari mmoja akaja peke yake kutoka upande wa daraja, anatembea polepole kama mtu anayetafuta nyumba asiyoijua. Akasimama mbele yangu. Akaniwekea mdomo wa bunduki kwenye paji la uso, na mimi nikausukuma na kumwita mtoto.

"Tulifunga macho," Papa Ramazani alisema. "Nilipofungua, alikuwa ameweka bunduki kwa benchi, amevaa wenge yangu, anasikiliza. Kichwa chini hivi. Alisikiliza wimbo kama nusu."

"Uso wake ulikuwa namna gani?"

"Hakuna mutu aliona uso. Alitupa mugongo. Alikuvalisha ile ingine, akaandika, akaenda. Wenge ilikuwa kwa shingo yake."

Wakati huo mabomu yalikuwa yanaanguka ng'ambo ya mto Tshopo na vumbi linashuka kutoka darini. Kukatulia kidogo, na Mama Véro wa kwaya, ambaye hanyamazi hata mbele ya kifo, akasema kwa sauti ndogo, "Donc, Papa Clarisse, sauti ya mama iko faux?"

Wakacheka. Mimi sijawahi kuona kitu kama kile na sitaki kukiona tena: watu wote wale wamelala kifudifudi, mikono mdomoni, mabega yanatikisika, machozi yanatoka, na hakuna sauti hata kidogo, ni zile pumzi tu, na kila bomu likianguka wanaacha, halafu mabega yanaanza upya. Mtu mmoja tu hakucheka. Mama Clarisse alikuwa ameegemea ukuta, mtoto wetu kichwa kwenye mapaja yake, ananitazama kama mtu anayetazama picha ya marehemu.

Tulikaa mle siku kadhaa. Kwenye mji walikufa watu wengi, na wawili walikuwa wa avenue yetu, kwa hiyo tulipotoka hakuna aliyekuwa na nguvu za kunitania, hayo yalikuja baadaye, na yalikuja kwa wingi. Mpaka watoto walikuwa wakinipita wanainua vidole vinne. Papa Ramazani naye, tulipoanza tena kuongea mambo ya mbao, alisema shindano liliisha, maana mwamuzi wa mwisho alikuwa na jozi mbili mbele yake akachagua wenge.

Mke wangu hakulitaja jambo lile kwa majuma mengi. Alinipikia, aliimba kanisani, alinisalimia asubuhi. Nilidhani amekasirika kwa ajili ya sauti yake, nikajikaza siku moja akiwa anaanika nguo, nikamwambia nilikosa, yeye anaimba vizuri.

"Unafikiri ni ile?" akasema. Aliendelea kuanika. "Wakati alikuwekea bunduki kwa kichwa, nilifungua mulango. Mama Véro na wenzake walinikalia kwa miguu. Mutoto alinishika nguo. Nilimupiga ili aachilie."

Nikamuuliza kama kweli angetoka.

"Nilikuwa nimeisha kutoka," alisema. "Mwili ilikuwa inje. Walinirudisha na nywele."

Akachukua beseni, akaingia ndani, akaniacha nimesimama kati ya zile nguo. Jozi ya afromosia niliivunja jioni ile kwa nyundo. Papa Ramazani alinitazama akiwa na randa mkononi, akarudi kwenye mbao yake. Na mpaka leo mteja akiniletea casque ninamrudishia papo hapo, ninamwambia atafute fundi mwingine, mimi kazi hiyo siifanyi tena.