Futi na Kisima cha Mama

Hapa mtaani hakuna anayenishinda kufungua kufuli upesi, na shule niliiacha darasa la tano. Lakini habari hii si yangu, ni ya shemeji yangu, mume wa dada. Tunamwita Futi, maana hata chai anaipima kabla ya kuinywa.

Kazi yake ni visima vinane vinavyozunguka matangi ya petroli. Si vya kunywa. Ni mabomba membamba yenye kifuniko na kufuli, ya kuchungulia kama mafuta yamevuja yakaingia kwenye maji ya chini, kabla hayajafika majumbani. Futi huanza na cha mlimani, kilicho safi, kisha hushuka hadi vya bondeni anavyovishuku. Kamba moja, kikopo kimoja: ukianza na kichafu, umechafua vyote.

Siku hiyo alikuwa na homa.

"Lala, shemeji," nikamwambia. "Kuchota maji nako kunataka fundi?"

"Anzia juu. Nakuomba, juu."

Mimi mjanja nikaanzia chini, kwenye kivuli. Kikopo kilitoka kinanuka petroli. Nikakifuta kwa shati, nikapanda nacho. Saa sita nimemaliza, najisifu.

Majibu ya maabara yakaja: petroli kila kisima, hata cha mlimani ambako haiwezi kupanda. Ofisi ikasema vifaa vilikuwa vichafu, majibu yote yatupwe, tupime tena baada ya miezi mitatu. Nikamweleza Futi kila kitu. Kwa mkubwa wake akasema tu, "Kosa langu."

Kisha akaenda kwa mama yetu, bondeni, mwenye kisima chake uani.

"Mama, usinywe haya maji."

"Karatasi ya majibu iko wapi, mkwe?" Mama akacheka. "Miaka thelathini nayanywa, leo ndiyo umekuja kunipima koo?"

Karatasi hatukuwa nayo. Akaendelea kuchota.

Figo zilimwangusha kabla miezi mitatu haijaisha. Daktari alisema hawezi kujua kama ni maji. Majibu mapya yalikuja wiki moja baada ya kumzika: bondeni kote, petroli.

Kisima cha mama kikawekewa kifuniko na kufuli, kikapewa namba tisa. Siku hizi namshikia Futi kamba. Hajawahi kunisema, na mimi natamani anitukane nipumue. Tunaanza juu, tunashuka polepole. Cha mama ndicho cha mwisho. Tukifika, Futi hunipa ufunguo, halafu huuchukua tena, kwa sababu kufuli lile silifungui.